Njia Nyembamba, Njia Pana na Sweta

Jumatatu, 2 Julai 2001

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Naandika hapa tu: sweta la Kaka Felisiani halikutoka Italia. Nimelifuma mimi.

Haya. Nimeandika. Moyo unadunda kama mwizi, na sijaiba kitu.

Ilikuwa hivi. Felisiani ndiye fundi wa kompyuta pale kituoni ninapochapa. Alikuja kutoka Dar mwezi wa tano na mashati ya mikono mifupi tu. Ni Mfipa wa huku kwa baba na mama, lakini amezaliwa Temeke, na baridi ya Sumbawanga alikuwa anaisikia kwa watu. Asubuhi anafungua mlango meno yanagongana. Watu wanamcheka — Mfipa gani wewe, umetuvalia shati la pwani! Mimi sikucheka. Nilienda sokoni nikatafuta masweta mawili makubwa ya mitumba, ya nailoni, ya kijani. Nikayafumua yote. Nikaufua uzi, nikauanika, nikaufuma upya. Mama alidhani ni langu.

Kumpa mkononi? Siwezi. Nilimpelekea Mama Sayi, anayeuza mitumba karibu na stendi. Nikamwambia ni sweta la mjomba, limembana, akipita yule kijana wa kompyuta amuuzie kwa bei ya kutupa. Kesho yake Felisiani akaingia kituoni amelivaa, anajigeuza kama bwana harusi. Mtumba wa Italia huu! Mashine ya kule haikosei hata kitanzi!

Mashine!

Nilichapa jina la mtu mara mbili siku hiyo. Na kitanzi kimoja kimekosewa, kwa makusudi. Kwenye pindo, pale ninapoanzia kuzunguka, huwa nakigeuza kimoja halafu nafunga mafundo mawili. Sista aliyenifundisha kufuma ndiye aliyenizoesha. Hakuna atakayeliona.

Uzi uliobaki nimeutia kwenye pindo la mikono ya sweta langu la shule. Kwa ndani.

Jumanne, 3 Julai

Kompyuta zimefika! Mbili, kwa basi la Mbeya, zimeviringishwa blanketi. Mzee Rafaeli kazishusha mwenyewe, taratibu, kama anashusha sanamu ya Bikira Maria.

Niandike kwa mpangilio. Mzee ndiye mwenye kituo, hapa Katandala. Alikuwa katekista miaka mingi. Sasa ana fotokopi moja, kompyuta moja kuukuu, na mimi niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na matokeo yakawa yale yaliyokuwa. Anataka afungue darasa la vijana mwezi wa nane. Kompyuta sita mpya. Duka la Dar limemletea mbili za kujaribu, kila moja na aina yake. Atakayoichagua, ndiyo wataleta zote.

Na ubishi wote ni wa memori.

Felisiani alinieleza mchana. Memori si kabati, Scola, kabati ni diski. Memori ni meza. Unachokifanyia kazi sasa hivi kipo mezani, ukizima umeme meza inafutwa. Sasa watu hawabishani juu ya meza. Wanabishana juu ya njia — vitu vitoke mezani vifike kwa anayefanya kazi kwa njia gani? Dunia nzima inabishana, alisema, sio sisi tu. Aina moja inaitwa RDRAM: njia nyembamba, lakini vitu vinakimbia sana. Nyingine DDR: njia pana, mwendo wa wastani, na kila pigo la saa ya kompyuta linabeba mara mbili.

Mimi nikawaza wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Hakuna pigo la bure. Nilitaka kumwambia. Nikasema, ndiyo Kaka.

Jumatano, 4 Julai

Mwalimu Zenon alipita baada ya vipindi. Alinifundisha fizikia, na kituoni ana hisa yake ndogo, kwa hiyo anasema kwa sauti kubwa. Yeye ni wa njia nyembamba. Felisiani ni wa njia pana. Walibishana mpaka wateja wa fotokopi wakasahau makaratasi yao.

Mwalimu: hawa wakubwa wanaotengeneza ubongo wa kompyuta wameshaichagua nyembamba. Mkubwa akishapita, wewe mdogo unafuata. Ndiyo soko huria hilo, kijana, au Dar hamjalisikia?

Felisiani: mkubwa kapita, sawa, lakini hatimiliki ya ile njia inayo kampuni moja. Kila atakayeitengeneza anailipa. Watengenezaji watachoka. Njia pana wamekaa wote mezani wakakubaliana. Miaka miwili tu, mshikaji wangu, utatafuta memori ya nyembamba hupati, na kompyuta zako sita utafugia kuku.

— Mimi si mshikaji wako. Mimi ni mwalimu.

— Samahani, Mwalimu. Utafugia kuku, Mwalimu.

Wateja walicheka! Mzee Rafaeli akanyoosha mkono watulie. Akasema yeye amewasomea wengine maisha yake yote habari ya njia nyembamba na njia pana. Na anajua njia pana inakopeleka watu.

Felisiani alishika kichwa. Mzee, hii si ya roho, hii ni ya nyaya! Mzee akasema, mwanangu, Mungu hana kabati mbili.

Felisiani akafikiri. Halafu akauliza pole pole: Mzee, unalikumbuka duka la kaya? Lile ambalo sabuni ilikuwa kwa mtu mmoja tu, akikuambia hakuna, basi hakuna?

Mzee alikuna kidevu muda mrefu. Mama huwa anasema miaka ile walifulia majivu ya maganda ya ndizi.

Mwalimu akafungua ile ya nyembamba atuonyeshe. Ndani kuna kitu cha ajabu. Kwenye njia nyembamba nafasi haiwezi kukaa wazi. Pasipo na memori lazima uchomeke kibao kitupu, hakina kitu juu yake, ili njia ipite. Ukikitoa, kompyuta nzima haiwaki. Mwalimu akakinyanyua juu: kama Scola huyu! Hasemi kitu, lakini mtoe uone!

Wakacheka wote. Nikainama. Felisiani naye alicheka, lakini akasema, basi huyo ndiye wa muhimu.

Nimelikunja hilo neno nimeliweka.

Ijumaa, 6 Julai

Siku mbaya.

Ile ya njia pana ilikuja na memori moja ndani na mbili za kuongeza. Mwalimu alishaiongezea yake ya nyembamba jana, ikakubali, ikawaka. Leo zamu ya Felisiani. Kachomeka moja — mlio, piii, piii, skrini nyeusi. Kaitoa, kaipangusa, kairudisha. Nyeusi. Kachukua ya pili. Nyeusi! Kairudisha ile iliyokuja nayo peke yake, ikawaka. Kwa hiyo mashine ni nzima. Memori ndizo zimekufa.

Mwalimu hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema tu, hizo ndizo za baadaye?

Felisiani alibaki amekaa sakafuni na bisibisi mkononi. Upepo ulikuwa unatikisa mabati. Nilimpelekea chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba

Kituo kimefungwa. Mama na mimi tumepura maharage uani. Upepo mzuri wa kupepetea, mkavu, makapi yanafika kwa jirani. Mama ananiuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia mimi ndivyo nilivyo. Akasema, kuna kunyamaza kwako na kuna kunyamaza kwingine.

Jumapili, 8 Julai

Misa ya kwanza. Mzee Rafaeli alisoma somo. Sikusikia somo gani.

Jioni nilipokuwa navua sweta langu — chumbani hakujawashwa taa bado — likalia. Tss-tss-tss. Na nikaona cheche! Ndogo, za buluu, kwenye mikono. Si sehemu yote. Kwenye pindo tu, pale nilipotia uzi wa kijani.

Nimelivaa tena nikalivua. Tena cheche. Nikajisugua mikono juu ya pindo, nikagusa komeo la mlango. Likaniuma kidoleni kama siafu.

Halafu nikakaa kitandani.

Kidato cha pili Mwalimu Zenon alisugua kalamu kwenye nywele zake, ikanyanyua vipande vya karatasi. Ni umeme, alisema, umetulia, unasubiri mahali pa kwenda. Hewa ikiwa kavu, ndiyo unakuwa mwingi. Na hapa Julai hakuna unyevu kabisa, midomo inapasuka, visigino vinapasuka.

Memori ni kitu kidogo sana. Miguu yake ni kama nyuzi za buibui. Na Felisiani kabla ya kuishika hujisugua viganja kifuani apate joto. Siku zote. Nimemwangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mwalimu Zenon yeye ana koti lake la pamba, lile limepauka mabegani.

Inawezekana si hivyo. Sijui kompyuta. Inawezekana memori zilikufa njiani kwenye basi, barabara ile ya Tunduma inaua hata mayai. Lakini kama ni hivyo, njia pana haina kosa, na Felisiani hana kosa. Sweta ndilo lenye kosa.

Jumatatu, 9 Julai

Nilikwenda nimejiandaa. Maneno nilishayapanga toka nyumbani Malangali mpaka mlangoni mwa kituo. Nikamkuta peke yake. Nikasema, Kaka. Akasema, naam mdogo wangu. Nikasema, karatasi za fotokopi zimekwisha.

Hazijaisha.

Jumatano, 11 Julai

Mzee ameamua. Duka la Dar litatuma memori moja zaidi ya njia pana, ya mwisho, itafika na basi la Alhamisi. Ijumaa mchana Felisiani ataichomeka mbele ya watu wote. Ikiwaka, kompyuta zote sita ziwe za njia pana, na Felisiani ndiye mwalimu wa darasa. Isipowaka — nyembamba, na Mwalimu Zenon atafundisha jioni.

Na Felisiani je? Mzee alishindwa kulisema. Alivua kofia akaivaa. Halafu akasema, mwanangu, mimi sikufukuzi, lakini kituo kidogo hakiwezi kuweka fundi ambaye vitu vinafia mkononi mwake. Basi la Dar liko Jumamosi.

Felisiani akasema, haya Mzee. Nimeelewa.

Baadaye alikuja kwenye fotokopi nilipokuwa nimesimama. Akaniambia hivi: kurudi Temeke si shida. Shida ni kwamba nitarudi nikiwa nimewaambia watu uongo, na sijasema uongo, Scola, ile njia ni nzuri. Mimi ndiye labda si mzuri.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua!

Nikikiri kuhusu sweta ataniuliza nimejuaje kwamba ni nailoni tupu. Nimejuaje uzi wake unatoa cheche. Pindo langu lina rangi ile ile. Atajua. Mwalimu atajua, wateja watajua, na kwa sauti ya Mama Sayi mpaka samaki wa ziwani Wampembe watajua. Watamsema na Mama: binti wa Fransiska anawafumia wanaume masweta kwa siri.

Na nisiposema, mimi ndiye ninayempandisha basi. Nilitaka asisikie baridi tu.

Alhamisi, 12 Julai

Nimepata akili! Nilimwambia: Kaka, sweta lina vumbi, niachie nilifue. Niliwaza, likilowa leo, kwa baridi hii haliwezi kukauka kesho, na hatalivaa.

Alijitazama. Akasema, kweli limechafuka. Akaanza kulivua — moyo wangu! — halafu upepo ukafungua mlango, akatetemeka, akalishusha tena. Keshokutwa, mdogo wangu. Kama nitakuwepo. Leo baridi hii ya kwenu inaua.

Baridi ya kwenu. Amesahau kwamba ni yao pia.

Memori imefika. Iko kwenye mfuko unaong'aa, juu ya rafu ya Mzee, karibu na msalaba.

Ijumaa, 13 Julai. Mchana, kituoni, chumba cha nyuma

Naandikia magotini. Umeme umekatika na wote wako mbele wanasubiri.

Walikuja wengi. Mzee, Mwalimu Zenon, vijana watatu wanaotaka darasa, mpaka Mama Sayi, sijui nani kamwambia. Alipoingia akasema, kaka wa Italia, leo unafunga goli au unafungwa? Felisiani alitabasamu lakini midomo ilikuwa mikavu.

Akafungua kifuniko. Akauchukua ule mfuko unaong'aa, akauweka mezani. Halafu akainua viganja, akaanza kujisugua kifuani.

Nikasikia sauti inasema: Kaka, vua sweta.

Ilikuwa yangu.

Kisha Mama Sayi akapasuka: Heee! Mwaka mzima hasemi, leo kafungua mdomo, anamvua mtu nguo! Vijana wakaangushana kwa kucheka. Mzee akakohoa kikatekista.

Nikasema haraka, bila kumwangalia mtu, kwamba linatoa cheche. Kwamba ni nailoni, na upepo ni mkavu. Kwamba ni kama ile kalamu, Mwalimu, ya kidato cha pili.

Mwalimu Zenon alikuwa anacheka na yeye. Akaacha. Akatazama koti lake, akatazama sweta. Akasema, kwa Julai hii... inawezekana. Kisha akasema, inawezekana pia siyo. Lakini sitaki kushinda kwa sababu ya sweta, Felisiani. Livue.

Felisiani akasema chuoni waliambiwa waguse chuma kwanza. Kila fundi anajua. Lakini Dar nani anagusa? Hewa yenyewe imelowa, shati limelowa, fundi amelowa. Akalivua. Likalia, tss-tss-tss, mpaka Mzee akajifanyia ishara ya msalaba.

Akabaki na shati lake la Temeke. Vinyweleo vimesimama. Akagusa chuma cha mashine, kiganja kizima, akakaa hivyo kidogo kama anayeapa. Akatoa memori mfukoni. Akaichomeka. Akabonyeza.

Feni ikaanza kuzunguka. Taa ya kijani ikawaka. Skrini ikaanza kupata mwanga — na umeme ukakatika! Mtaa mzima! Mama Sayi akapiga kelele kama kwenye mpira.

Kwa hiyo hatujui. Haijafa, haijapona. Mlio haukuja, lakini labda ulikuwa haujafika.

Mzee amesema tunasubiri, hakuna kuondoka. Mwalimu anawaeleza vijana habari za kalamu na nywele, kwa sauti ile ile ya darasani, na anafurahi. Felisiani hataki kulivaa tena mpaka mashine ifungwe. Amelipakata. Namwona kupitia mlango. Analigeuza. Amelipindua, ndani kuwa nje. Anapitisha kidole kwenye pindo, anazunguka nalo, na kidole kimesimama.

Kimesimama pale.

Amesema, si kwa mtu yeyote, kama anauliza hewa: hivi mashine ya Italia inafunga fundo kwa mkono?

Mama Sayi akajibu, hilo lilikuwa la mjomba wa mtu. Akanyamaza ghafla. Sijawahi kumsikia Mama Sayi akinyamaza.

Nimevuta mikono ya sweta langu ndani. Haitoshi, kijani kinaonekana.

Umeme umerudi! Taa imewaka juu yangu. Feni inalia kule mbele. Viti vinasogezwa. Mlio — sisikii mlio. Au wanaongea sana.

Naitwa. Si Mzee anayeita. Ni yeye. Scola, njoo uone.

Sijui anataka nione nini, skrini au pindo.

Nakwenda. Na wewe utakayesoma hapa, hata kama ni mimi mwenyewe nikiwa bibi kizee — lile la mwanzo, la tarehe mbili, tafadhali, usimwambie mtu.